Fundi wa magitaa wa River Road na kazi aliyofanya kwenye gitaa langu

Wapiga gitaa wa Nairobi, kabla hamjatuma pesa ng'ambo kuagiza pikapu mpya (zile sumaku zenye koili chini ya nyuzi zinazopokea mlio), pandeni kwanza ngazi za yule mzee wa karibu na River Road. Gitaa langu leo linatoa sauti niliyoitafuta miaka mingi, na pikapu zake ni zile zile lilizotoka nazo kiwandani. Kilichobadilika ni kipande cha mfupa, waya mfupi, kapasita moja (kijisehemu cha saketi kinachopitisha sauti za juu), swichi iliyojificha ndani ya kifundo cha kuzungusha, na utepe wa shaba. Vyote hivyo pamoja na ufundi havikufika nusu ya bei ya seti ya pikapu zenye jina.

Mimi hupiga rithimu katika bendi ya rumba na benga, mwisho wa juma upande wa Thika Road, na Jumapili asubuhi nipo kanisani Kariobangi. Gitaa langu ni la muundo wa Stratocaster, ule ambao Fender waliutoa mwaka 1954 na ambao viwanda vingi vimeuiga tangu hapo: pikapu tatu za koili moja moja, volyumu moja, toni mbili, swichi ya kuchagua pikapu, na tremolo, yaani daraja lenye mkono wa kutikisa sauti. Nililinunua likiwa limetumika. Shingo yake ni tamu, imenyooka, na mkono wangu umeizoea, ndiyo maana sikutaka kuliuza hata liliponisumbua. Na lilinisumbua kweli. Uzi wa tatu ulitoka tuni kila nilipouvuta. Pikapu ya nyuma, ile ya karibu na daraja, ilikuwa kali hadi mwimbaji wetu akawa ananigeukia katikati ya ubeti. Nikipunguza volyumu ili nimpishe, gitaa linafifia na kusikika kama limefunikwa blanketi. Halafu kwenye kumbi zenye taa za rangi kulikuwa na mvumo uliojaza kila nafasi kati ya wimbo na wimbo.

Chumba cha mzee ni kidogo, kiko ghorofa ya juu, na nusu yake imejaa ampu za watu zinazosubiri zamu. Alianza na redio, akaja kwenye ampu za bendi enzi ambazo mtaa ule ulikuwa umejaa maduka ya santuri na studio za benga, na magitaa yakamfuata huko huko. Hakugusa bisibisi hadi aliponisikia. Aliniambia nipige kwanza bila kuchomeka, kisha kwenye ampu yake, na yeye akawa anaangalia mkono wangu wa kulia kuliko anavyoangalia gitaa.

"Binti yangu, ukipiga rithimu volyumu unaiweka ngapi?"

"Sita, mzee. Saa nyingine tano."

"Na sebene ikiingia?"

"Kumi."

"Basi pikapu hazina ugonjwa. Sauti inapotelea njiani."

Sijawahi kuulizwa swali hilo na muuzaji yeyote wa vifaa vya muziki. Wengine huuliza bajeti yako. Huyu aliuliza mkono wangu unafanya nini jukwaani, na kila alichokifanya baadaye kilitoka kwenye jibu hilo.

Alianza na nati, kile kipande chembamba mwishoni mwa shingo ambacho nyuzi hupumzika juu yake kabla ya kwenda kwenye vigingi vya kukazia. Yangu ilikuwa ya plastiki, na mifereji yake ilikuwa imekatwa kwa haraka. Mzee alinionyesha jambo ambalo kila mwenye gitaa anaweza kulipima nyumbani: bonyeza uzi kwenye freti (kile kijiti cha chuma cha shingoni) ya tatu, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi huo na freti ya kwanza. Inapaswa kuwa ndogo mno, ya kupitisha nuru tu. Kwangu ungeweza kupitisha karatasi kadhaa. Maana yake ni kwamba nikishika F pale mwanzoni mwa shingo, nyuzi zilikuwa zinavutwa chini kuliko inavyotakiwa na sauti inapanda juu kidogo ya tuni. Nilikuwa nimezoea kulaumu nyuzi. Halafu ule mfereji wa uzi wa tatu ulikuwa unaubana. Nikiuvuta uzi na kuuachia, haurudi mahali pake hadi nati iuachie, na mara nyingine huachia katikati ya wimbo kwa mlio mdogo wa "tik".

Mfupa alioutumia ni wa ng'ombe, na hapa Nairobi tuna bahati ambayo sidhani tunaithamini vya kutosha. Mafundi wa Marekani na Ulaya hununua vipande vya mfupa vilivyokwisha kukatwa, kimoja kimoja, kwenye pakiti. Sisi tuna watu wanaochonga bangili na shanga za mfupa hapa hapa mjini, wanaojua kuuchemsha, kuutoa mafuta na kuukausha hadi usinuke wala usipinde. Mzee huchukua kwao kipande kinene, akakikata, akakisugua hadi kikalingana na upana wa shingo, milimita 42, halafu akachonga mifereji kwa tupa nyembamba, moja kwa kila uzi. Aliniuliza natumia nyuzi za unene gani kabla hajaanza. Natumia seti inayoanzia 10 na kuishia 46 (sehemu za elfu za inchi), na mifereji imechongwa kwa hizo. Anayebadilisha nyuzi nene na nyembamba kila mwezi inabidi amwambie mapema.

Nimesikia watu wakidai kwamba nati ya mfupa hubadilisha sauti yote ya gitaa. Si kweli, na mzee mwenyewe alinikatalia. Ukishabonyeza freti, uzi unaanzia kwenye freti. Nati haina neno tena katika mlio. Inasikika kwenye nyuzi zilizo wazi tu, na hapo ndipo mimi naisikia, kwa sababu rithimu yangu ya benga ina nyuzi wazi nyingi. Zinalia safi zaidi sasa, na zinalingana na zile zilizobonyezwa. Lakini faida kubwa ni tuni. Mpiga solo wetu, ambaye kapo, ile klipu ya kubana nyuzi zote, haimtoki shingoni mwa gitaa, alibadilisha yake baada ya yangu ingawa kapo huiondoa nati kwenye mlio, kwa sababu hiyo hiyo: uzi unateleza na kurudi. Nilikuwa nimepanga kununua vigingi vya kujifunga, vile vinavyokaba uzi kwa skrubu. Mzee alisema nipige kwanza na nati mpya, kisha niamue. Sijavinunua, na sioni tena sababu. Kazi ya nati na setapu nzima, yaani kulirekebisha gitaa lote lipigike vizuri, ilinigharimu shilingi 4,000.

Sasa nije kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote, na ambacho kiligharimu chini ya shilingi mia kwa vifaa. Ukipunguza volyumu ya gitaa, hupunguzi sauti tu. Ule ukinzani unaouongeza unaungana na kebo yako, ambayo yenyewe ina tabia ya kapasita, na kwa pamoja vinakula sauti za juu. Kadiri kebo inavyokuwa ndefu, ndivyo inavyokula zaidi. Kwa mpiga roki hili si tatizo kubwa. Anafungua volyumu yote na kuacha ampu inguruma. Ila sisi wa rumba na benga tunaishi kwenye kile kifundo. Rithimu chini, sebene juu, mwimbaji akirudi chini tena. Na sauti yetu lazima ibaki na makali yake hata ikiwa ndogo, kwa sababu gitaa la benga lilijifunza kulia kutoka kwa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, nyuzi nane, kila mdundo umejitenga na mwenzake. Nyatiti iliyozibwa haichezeki.

Dawa ni kapasita ndogo ya nanofaradi 1, ikiwa na rizista (kijisehemu cha kukinza umeme) ya kilo-omu 150 sambamba nayo, vikalehemiwa kati ya miguu miwili ya volyumu: ule sauti inapoingilia na ule inapotokea. Sauti za juu hupita kwenye kapasita hata volyumu ikiwa imeteremka. Rizista ni ya kuzuia zisipite kupita kiasi, maana kapasita peke yake huacha gitaa jembamba, linalia kama redio ndogo ya betri. Mzee hakulehemu moja kwa moja. Alifunga kwanza kwa klipu, akaniambia nipige rithimu kwenye volyumu tano, akabadilisha kapasita, akaniambia nipige tena. Tulisikiliza kadhaa hivyo. Vifaa vyenyewe vinapatikana Luthuli Avenue kwenye maduka ya spea za redio, huhitaji kuagiza popote. Usiku wa kwanza jukwaani niliposhusha volyumu, mpiga besi wetu alinitazama akatikisa kichwa kwa kuridhika, na huyo si mtu wa kusifu.

Waya mfupi ulimaliza ugomvi wangu na pikapu ya nyuma. Katika muundo wa asili wa Stratocaster, toni moja ni ya pikapu ya mbele, ile ya upande wa shingo, nyingine ya katikati, na ya nyuma, iliyo kali kuliko zote, haina toni kabisa. Sijawahi kuelewa kwa nini viwanda vingi bado vinaurudia mpango huo. Waya mmoja kwenye swichi, urefu wa kucha, unaiunganisha pikapu ya nyuma na kifundo cha toni cha chini. Sasa naiweka kwenye saba, ukali unapungua, na kile kipande cha sauti kinachokata katikati ya ngoma na kinanda kinabaki. Kama una gitaa la aina hii na hutaki kufanya jambo lingine lolote, fanya hili. Mzee hakunitoza kwa waya huo kwa kuwa tayari alikuwa amelifungua.

Watu huniuliza kuhusu zile kapasita za zamani za karatasi na mafuta zinazouzwa kwa maelfu. Thamani ikiwa ile ile, sikio langu halijapata tofauti, na mzee alinipa nafasi ya kuzilinganisha. Pesa hizo nunueni nyuzi.

Swichi niliiomba mimi. Swichi ya nafasi tano, iliyoanza kuwekwa na Fender mwaka 1977 baada ya wapigaji kuwa wanaikwamisha ile ya nafasi tatu katikati ili wapate pikapu mbili kwa pamoja, haikupi pikapu ya mbele na ya nyuma zikilia pamoja. David Gilmour wa Pink Floyd alitiwa swichi ndogo kwa ajili hiyo kwenye Stratocaster yake nyeusi, ile iliyouzwa kwenye mnada New York mwaka 2019 kwa dola 3,975,000. Mimi sikutaka tundu jipya kwenye plastiki ya gitaa langu, kwa hiyo mzee aliweka kifundo cha toni chenye swichi ndani: ukikivuta juu, pikapu ya mbele inaingia popote ulipo. Hii ndiyo sehemu pekee iliyobidi iagizwe, na ilichelewa. Lakini sauti yake! Mbele na nyuma pamoja hutoa sauti pana, yenye mwangaza juu na nyama chini, na kwenye rumba ya taratibu, ile ambayo rithimu inazunguka bila haraka chini ya mwimbaji, sijui ningepiga na nini kingine. Mbona hawaiweki kiwandani?

Kuhusu mvumo, mzee alikuwa mkweli kuliko wauzaji. Pikapu ya koili moja hupokea mawimbi ya umeme wa ukutani, ambao hapa kwetu ni wa hezi 50, na ndiyo ule mvumo mzito unaousikia. Alilifunika tumbo la gitaa kwa utepe wa shaba, akaulehemu kwenye ardhi ya saketi, lakini alinieleza mapema kwamba shaba huzuia ule mchakaruko mkali wa taa na vifaa vya kielektroniki, si mvumo wa transfoma. Na ndivyo ilivyokuwa. Mchakaruko umepungua sana. Mvumo upo bado, ila katika nafasi ya pili na ya nne za swichi hauupati, kwa sababu koili ya pikapu yangu ya katikati imezungushwa kinyume na wenzake na mivumo miwili hufutana. Kwenye ile sauti yangu mpya ya mbele na nyuma mvumo upo wote, kwa hiyo kati ya nyimbo nafunga volyumu.

Jambo lililonigusa ni kwamba baada ya kufunga kila kitu alipima kama daraja na nyuzi zimeunganishwa vizuri na ardhi, kisha akaniuliza kuhusu kumbi tunazopiga. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na ardhi ya ampu, na ampu ikichomekwa kwenye soketi isiyo na ardhi, mdomo ukigusa maikrofoni unaweza kupigwa na umeme wa volti 240. Kila mpigaji wa mji huu ana rafiki aliyewahi kurushwa hivyo. Alinishauri ninunue kipima soketi kidogo na nikitumie kabla ya kuchomeka chochote. Ninacho kwenye mfuko wa gitaa.

Tremolo aliifunga kwa kipande cha mbao nyuma, kama alivyofanya Eric Clapton kwenye zake, kwa kuwa siitumii. Kipande hicho ni cha mpingo, masalio aliyopata kwa wachongaji wa Gikomba, mti mzito unaozama majini na ambao dunia nzima huutengenezea klarineti. Uzi mmoja ukikatika sasa, nyingine hazitoki tuni. Kwenye benga, ambapo wimbo hauishi upesi, hilo ni jambo kubwa.

Mpiga solo wetu alienda hatua ambayo mimi nisingeenda: alitiwa hambaka nyuma. Hii ni pikapu ya koili mbili ambayo Seth Lover aliibuni kwa Gibson mwaka 1955 ili kuua mvumo, na Eddie Van Halen ndiye aliyewafanya vijana wa miaka ya 1970 na baadaye watake kuiona kwenye mwili wa Strat. Mzee alikataa kuifunga bila kubadilisha kifaa cha volyumu kutoka kilo-omu 250 kwenda 500, kwa sababu ile ndogo ingeifanya izibe. Alikuwa sahihi, na kazi ni safi. Kwa nyimbo za kusifu zenye nguvu inafaa sana. Kwenye benga naona imemnyang'anya ule ukali wa mwanzo wa kila noti, ingawa yeye mwenyewe anaipenda na hatujamaliza ubishi huo.

Yapo ya kulalamikia. Siku anayokuahidi si siku utakayolichukua. Niliambiwa Alhamisi, nikalipata wiki iliyofuata, na mtu mwenye gitaa moja tu na kazi Ijumaa ataumia. Freti husawazisha na kung'arisha vizuri, lakini kung'oa na kuweka mpya hafanyi. Haandiki alichofanya usipomwomba. Niliomba, akanichorea mchoro wa nyaya zote nyuma ya ukurasa wa kalenda, kwa mkono ulionyooka ajabu, na fundi yeyote atakayelifungua gitaa hili baada yake atajua kila waya unakwenda wapi. Ombeni mchoro huo kabla hamjalipa.

Huanza kazi saa nne asubuhi, na Jumapili hayupo. Wauza spea za redio pale chini watakuonyesha ngazi. Hulipwa nusu kabla na nusu baada, M-Pesa au taslimu. Nenda na nyuzi mpya za unene unaotumia, na nenda na kebo yako ya jukwaani, ile ile, si fupi ya nyumbani, kwa sababu kapasita ya volyumu ataichagua akiisikiliza kupitia kebo hiyo.